Muziki uliovuka bahari ukakwama kwenye waya

Kwa karne nyingi nyimbo za pwani ya Afrika Mashariki zilikwenda Ghuba na kurudi. Vicheza muziki vya mkononi vilipoingia sokoni, njia hiyo iligeuka kuwa ya upande mmoja. Makala hii ya historia inaeleza sababu zake, na hasara iliyowapata watu wanaoishi mbali na kwao.

Muaither ni mtaa wa makazi ulioko magharibi mwa Doha, mji mkuu wa Qatar, ndani ya manispaa ya Al Rayyan. Kama ilivyo katika mitaa mingi ya Ghuba, nyuma ya kuta za nyumba zake hawaishi wenyeji peke yao, bali pia madereva, wapishi, yaya na walinzi waliotoka ng'ambo, wakiwemo Waafrika Mashariki.

Mtu anayeondoka Mombasa, Tanga au Kampala kwenda kufanya kazi katika mtaa kama huo hubeba vitu vichache, na muziki ni mzigo usiolipiwa uzito kwenye ndege. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, muziki huo ulikuwa ukihama kutoka kwenye kanda na sahani za CD kwenda kwenye vifaa vidogo vya mfukoni, vinavyojazwa nyimbo kwa waya kutoka kwenye kompyuta.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo ambalo wengi walidhani linatokana na uchache wao wa ujuzi. Nyimbo ziliingia kwenye kifaa kwa wepesi. Lakini mwenyewe alipotaka kuzitoa, ili azihifadhi kwenye kompyuta nyingine au ampe nduguye, kompyuta ilikataa. Baadhi ya programu zilimtaka achague mojawapo ya mambo mawili: aache mambo yalivyo, au akubali kufutiwa kila kilichomo.

Kifaa hakikuwa kibovu, wala mwenyewe hakuwa mjinga. Mlango ulifungwa kwa makusudi, na historia ya kufungwa kwake inaanzia mbali na Ghuba, katika mahakama na ofisi za Marekani.

Njia ya kwenda na kurudi

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, hapana budi kurejea nyuma. Majahazi yaliyotoka Ghuba na Arabuni kwa upepo wa kaskazi yalifika Lamu, Mombasa na Unguja, kisha yakarudi kwa upepo wa kusi yakiwa na boriti za mikoko. Boriti hizo zilitumika kuezekea nyumba za kale za Qatar.

Pamoja na boriti walivuka watu. Wako waliovuka kwa hiari, mabaharia na wafanyabiashara, na wako waliovushwa kwa nguvu. Utumwa ulipigwa marufuku nchini Qatar mwaka 1952, na makumbusho ya Bin Jelmood, yaliyofunguliwa mjini Doha mwaka 2015, yanasimulia habari za watu hao.

Nyimbo zao hazikupotea. Ngoma ya leiwa, inayochezwa kwa zumari katika nchi kadhaa za Ghuba, inahusishwa na wazao wa watu wa Afrika Mashariki, na baadhi ya maneno yake yana asili ya Kiswahili. Upande wa pili wa bahari, taarab ya Unguja na Mombasa ilipokea udi, ganuni na mahadhi ya Kiarabu, ikayafanya kuwa yake.

Sauti ya mwimbaji ilianza kusafiri bila mwimbaji mwenyewe pale zilipokuja sahani za santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walitoka Unguja kwenda Bombay, India, wakarekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya kampuni ya gramafoni iliyojulikana kwa nembo ya His Master's Voice. Kila upande wa sahani ulibeba muziki wa dakika tatu hivi. Msikilizaji, hata hivyo, hakuwa na njia ya kuinakili sahani hiyo. Ilipovunjika, wimbo ulikwenda nayo.

Kanda ndiyo iliyobadili mambo. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha kaseti yake ndogo kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1963. Kufikia miaka ya 1970 redio kaseti zilikuwa zimeingia katika nyumba za watu wa kawaida pande zote mbili za bahari. Mjini Mombasa, duka la Mbwana Radio Service lilirekodi na kuuza kanda za taarab, zikiwemo za waimbaji waliopendwa kama Juma Bhalo na Zein l'Abdin.

Wakati huo jamii ya Waswahili katika Ghuba ilikuwa ikikua. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka nchini Oman mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilihamia huko, na nyingine zikaenda nchi jirani. Kanda zilizofungwa kwenye mizigo ya wasafiri ziliwafikishia nyimbo za harusi ambazo hawakuzihudhuria.

Kanda ilikuwa na sifa moja ambayo watu hawakuitilia maanani mpaka walipoikosa. Iliruhusu njia mbili. Aliyepokea kanda Muscat au Doha aliweza kuinakili kwa redio ya deki mbili, akamgawia jirani, na nakala ya jirani ikanakiliwa tena. Sauti ilififia kila ilipopita, lakini wimbo uliendelea kuishi. Kanda ya awali ilipopotea Mombasa, nakala yake iliweza kupatikana Ghuba ikarudishwa nyumbani.

Uhuru huo ulikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mwanamuziki. Kila nakala iliyotolewa bure au kuuzwa kinyemela sokoni ilikuwa ni senti zisizomfikia mtunzi wala mwimbaji. Malalamiko ya wasanii wa Afrika Mashariki kuhusu kunyonywa jasho lao ni ya haki, na hayawezi kupuuzwa katika historia hii.

Kutoka Erlangen hadi mfukoni

Wakati kanda zikitawala Ghuba, wahandisi wa Taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walikuwa wakitafuta namna ya kuipunguza sauti iliyohifadhiwa kwa tarakimu bila sikio kugundua kilichoondolewa. Matokeo ya kazi yao pamoja na ya watafiti wengine yalipewa jina la MP3 mwaka 1995.

Hesabu yake ni nyepesi. Wimbo wa dakika nne uliohitaji nafasi ya takriban megabaiti 40 kwenye CD uliweza kutoshea katika megabaiti 4 hivi. Ukubwa huo ulitosha kupita kwenye simu za waya za wakati ule, na ulitosha pia kuingia katika kifaa kisicho na kanda wala sahani.

Mwaka 1998 kampuni ya Saehan ya Korea Kusini ilitoa kifaa kilichoitwa MPMan. Mwaka huohuo kampuni ya Diamond Multimedia ya Marekani ikatoa chake, Rio PMP300. Kilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32 tu, sawa na muziki wa nusu saa kwa ubora wa kawaida. Hata hivyo kilitosha kuyashtua makampuni ya muziki.

Oktoba 1998, chama cha makampuni ya kurekodi cha Marekani, RIAA, kilikwenda mahakamani kutaka Rio izuiwe. Chama hicho kilitegemea sheria ya mwaka 1992 iliyovitaka vifaa vya kurekodi sauti kwa tarakimu viwe na kizuizi maalum. Kizuizi hicho kiliruhusu kunakili kutoka kwenye chanzo, lakini kilikataa nakala ya nakala. Kwa maneno mengine, sheria ilikuwa imelengwa dhidi ya tabia ileile iliyoifanya kanda ivuke bahari.

Juni 1999 Mahakama ya Rufaa ya Marekani iliamua kwamba Rio haikuvunja sheria. Mahakama ilikubali kuwa mtu anayehamisha muziki alio nao tayari kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kifaa chake, kwa matumizi yake binafsi, hafanyi kosa.

Uamuzi huo ulihesabiwa kuwa ushindi kwa wasikilizaji, na kweli ulikuwa ushindi. Lakini katika kukieleza kifaa hicho, mahakama ilisema pia kwamba Rio haiwezi kuzinakili nyimbo ilizonazo, wala kuzirudisha kwenye kompyuta au kuzipeleka kwenye kifaa kingine. Sentensi hiyo ilikuwa na funzo kwa kila mtengenezaji aliyeisoma. Kifaa kinachopokea bila kutoa kilikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufikishwa mahakamani.

Kifaa kimoja, kompyuta moja

Tarehe 23 Oktoba 2001, Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliionyesha dunia iPod, iliyobeba nyimbo 1,000 kwenye diski ya gigabaiti 5. Mwanzoni ilifanya kazi na kompyuta za Apple tu, na toleo la watumiaji wa Windows likafuata mwaka 2002. Iliuzwa ikiwa na karatasi yenye onyo la kutoiba muziki.

Onyo hilo halikuwa la maneno pekee. iPod iliunganishwa na maktaba ya nyimbo ya kompyuta moja kwa njia ya programu ya iTunes. Ilipochomekwa kwenye kompyuta nyingine, programu ilipendekeza kufuta nyimbo zote zilizomo na kuweka za kompyuta hiyo mpya. Safari ya nyimbo ilikuwa ni kutoka kwenye kompyuta kuingia kwenye kifaa, basi.

Nyimbo zenyewe zilikuwemo ndani ya kifaa bila kufungwa kwa siri kubwa. Ziliwekwa katika folda iliyofichwa, na majina ya mafaili yakabadilishwa kuwa herufi nne zisizo na maana. Aliyefaulu kuifungua folda hiyo alikuta mamia ya mafaili asiyoweza kuyatofautisha kwa kuyatazama. Haikupita muda mrefu wabunifu wa programu za pembeni wakaanza kutoa dawa. Mojawapo iliitwa Senuti, ambalo ni jina la iTunes likisomwa kinyumenyume, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ni kuirudisha safari ileile nyuma.

Apple haikuwa peke yake. Sony ya Japani, iliyouza Walkman yake ya kwanza mwaka 1979, ilitumia katika vicheza muziki vyake vya tarakimu mfumo wake wenyewe wa sauti na programu zilizodhibiti kunakili. Microsoft nayo iliyapa leseni maduka mengine ya muziki kwa kufuli zake. Kila kampuni ilikuwa na ufunguo wake, na ufunguo wa mmoja haukufungua mlango wa mwingine.

Aprili 2003 Apple ilifungua duka lake la muziki kwenye intaneti. Makampuni makubwa ya muziki yalikubali kuuza humo kwa sharti la kuwepo kufuli, lililoitwa FairPlay, ambalo liliruhusu wimbo ulionunuliwa uchezwe kwenye idadi maalum ya kompyuta tu.

Duka lililofungwa kwa wengine

Mpangilio wote huo ulijengwa juu ya picha ya msikilizaji wa aina moja: mtu mwenye nyumba ya kudumu, kompyuta yake binafsi, kadi ya benki, na nchi ambamo duka la muziki limefunguliwa. Mfanyakazi wa Muaither hakufanana na picha hiyo.

Wengi wa wafanyakazi wahamiaji katika miaka hiyo walitegemea kompyuta za watu wengine: ya kazini, ya rafiki, au ya duka la huduma za intaneti. Nyimbo zilizowekwa kwenye kifaa kabla ya safari zilitoka kwenye kompyuta iliyobaki nyumbani. Kompyuta hiyo ilipoharibika au kuuzwa, nakala pekee ilikuwa ile iliyomo kwenye kifaa, na kifaa kilikataa kuitoa.

Kwa muziki uliouzwa duniani kote hasara hiyo ilifidika, kwa kuwa albamu ilipatikana tena dukani. Kwa muziki wa pwani mambo yalikuwa tofauti. Kanda ya harusi, mkesha wa taarab au kikundi cha mtaani iliyohamishiwa kwenye kompyuta na kisha kwenye kifaa haikuwa na duka la kuirudisha. Nayo diski ya kifaa huchakaa, na betri yake haikutengenezwa ili mnunuzi aibadilishe kwa wepesi.

Jambo la kushangaza ni kwamba duka lililokuwa likilindwa kwa kufuli hizo halikuwa wazi kwa wakazi wa Qatar. Lilifunguliwa huko mwishoni mwa mwaka 2012, pamoja na katika nchi nyingine nyingi, zikiwemo Urusi, Uturuki, India na Afrika Kusini. Kwa zaidi ya miaka tisa, msikilizaji aliyeishi Doha alibeba mzigo wa ulinzi wa soko ambalo yeye hakukaribishwa kununua humo.

Kufuli zafunguliwa

Kuanzia Septemba 2006 Apple ililegeza kamba kidogo. Toleo jipya la iTunes liliruhusu nyimbo zilizonunuliwa katika duka lake zirudishwe kutoka kwenye iPod kwenda kwenye kompyuta nyingine zilizoidhinishwa, zisizozidi 5. Nyimbo zilizotoka kwenye CD au kanda hazikuhusika na ruhusa hiyo.

Februari 2007 Steve Jobs alichapisha barua ya wazi akiyataka makampuni ya muziki yaachane na kufuli. Katika barua hiyo alikadiria kuwa nyimbo zilizonunuliwa katika duka la iTunes hazikufika asilimia 3 ya muziki uliomo katika iPod ya kawaida. Zilizosalia hazikuwa na kufuli la duka lolote. Hata hivyo mlango wa kutokea ulikuwa umezibwa kwa zote.

Mwaka huohuo kampuni ya EMI ilikubali kuuza nyimbo zisizo na kufuli, na Januari 2009 Apple ikatangaza kuwa duka lake lote lingefuata mkondo huo. Wakati huo madhara ya mfumo wa kufuli yalikuwa yameshaonekana. Mwaka 2008 Microsoft ilitangaza kuzima mitambo iliyothibitisha leseni za nyimbo zilizouzwa na duka lake la MSN Music, jambo ambalo lingewazuia wanunuzi kuzihamishia nyimbo zao kwenye kompyuta mpya. Baada ya malalamiko, ilikubali kuiacha mitambo hiyo ifanye kazi kwa muda zaidi.

Katika Ghuba na Afrika Mashariki, lakini, ukombozi haukuletwa na barua wala tangazo. Uliletwa na vicheza muziki vya bei nafuu kutoka Asia, ambavyo kompyuta iliviona kama diski ya kawaida, na kisha simu za mkononi zenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kadi hiyo, isiyozidi ukubwa wa ukucha, ilichomolewa kwenye simu moja ikachomekwa kwenye nyingine. Bluetooth nayo iliuhamisha wimbo hewani, bila kompyuta kuhusika. Kanda ilikuwa imezaliwa upya. Mwanamuziki naye akarudi palepale alipokuwa, akitazama kazi yake ikipita kutoka mkono hadi mkono bila malipo.

Marejeo ni ngamani

iPod ya mwisho iliondolewa katika orodha ya bidhaa za Apple Mei 2022. Leo wengi husikiliza muziki kupitia huduma za intaneti zinazolipiwa kwa mwezi au kwa kuvumilia matangazo. Spotify ilifika Qatar Novemba 2018, na Kenya, Uganda na Tanzania Februari 2021. Huduma hizi zimefungua njia ya malipo kwa wasanii, ingawa wengi wao wanasema kiasi wanachopata ni kidogo.

Kufuli, kwa upande wake, haikutoweka. Wimbo uliopakuliwa ndani ya huduma hizo hauwezi kutolewa nje yake, na hunyamaza mara usajili unapokoma. Msikilizaji hamiliki tena nakala yoyote, amekodi tu ruhusa ya kusikia.

Ndani ya manispaa ileile ya Al Rayyan ulipo mtaa wa Muaither, imejengwa Maktaba ya Taifa ya Qatar. Kwa ushirikiano na Maktaba ya Uingereza, taasisi hiyo inaendesha hazina ya kumbukumbu kwenye intaneti iliyozinduliwa mwaka 2014. Humo, pamoja na nyaraka za kale, zimo sauti za muziki wa Ghuba zilizohamishwa kutoka kwenye sahani za santuri, na yeyote anaweza kuzisikiliza bila malipo.

Sahani hizo zimeokoka kwa sababu mtu alipata ruhusa na uwezo wa kuitoa sauti kwenye chombo cha zamani na kuiweka kwenye kipya. Hivyo ndivyo muziki wa pwani ulivyodumu tangu enzi za Siti binti Saad: kwa kuhamishwa kabla chombo hakijafa. Haki ya mwanamuziki kulipwa na haki ya msikilizaji kuhifadhi alichonacho ni mambo mawili, na historia ya vifaa vya mkononi inaonyesha kilichotokea pale la kwanza lilipotafutwa kwa kulifuta la pili.

Mabaharia wa Kiswahili walisema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika makabati ya Mombasa, Muscat na Doha bado vimelala vifaa vya muongo ule vilivyozimika, na ndani ya baadhi yake zimo nyimbo za harusi ambazo hazina nakala nyingine popote. Kila mwaka unaopita, vinavyoweza kuwashwa tena ni vichache zaidi.